Denali kwa basi: la kijani la kushuka popote, la kaki lenye maelezo, au uishie na gari lako maili 15?

Kila ikifika Desemba naanza kupata meseji za aina moja kutoka kwa ndugu na marafiki wa huku Marekani, "dada, kiangazi tunaenda Alaska, tumefungua kubuki Denali tumekuta mabasi chungu nzima, lipi ni lipi?" na mimi narudia maelezo yaleyale kwa voisi noti za dakika nane nane mpaka sauti inakauka. Sasa nimeandika mara moja, kuhusu mabasi ya Denali, hifadhi ya taifa ya huko Alaska yenye mlima mrefu ambao watu wanaufuata. Nimeenda mara mbili, ya kwanza na mama yangu mzazi aliyekuwa amekuja kututembelea Seattle, ya pili na mume wangu na watoto, na zile safari mbili hazikufanana hata kidogo japo barabara ni ileile na tuliishia palepale.

Kwanza hili la kwamba huruhusiwi kuingia na gari lako. Mimi ni mtoto wa Morogoro, na ukizaliwa Morogoro safari ya basi kwenda Iringa ni safari ya mbugani bila kiingilio, maana barabara kuu inakatiza katikati ya Mikumi kama kilomita 50 hivi, unakaa dirishani unamenya chungwa lako huku twiga wanakuangalia, dereva anapunguza mwendo kwa ajili ya matuta na faini ya kugonga mnyama, mnaendelea. Kwa hiyo niliposikia Denali lazima upande basi lao nikajua tu hapa tunapigwa hela. Kumbe siyo. Barabara ya kuingia hifadhini ni moja, urefu wake maili 92, yaani kilomita 148, lami inaishia maili ya 15 na baada ya hapo ni kokoto, nyembamba, kuna sehemu kushoto kwako ni korongo na hakuna hata kijiwe cha kukuzuia. Barabara kuu ya kutoka Anchorage kwenda Fairbanks ilipokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakaona magari yatafurika na wanyama watakimbia, ndipo 1972 wakaweka mwisho wa magari ya watu binafsi pale Savage River, maili ya 15, na kuanzisha mabasi. Eneo lenyewe ni zaidi ya kilomita za mraba 24,000, Serengeti yetu ni kama 14,763, halafu lote hilo lina barabara moja tu. Ndiyo maana bado kuna dubu barabarani mpaka leo.

La pili, na hili ndilo linalobadilisha hesabu yote, barabara imekatika. Pale Pretty Rocks, maili 45 na kidogo, kipande cha mlima kinateleza. Ardhi ya huko ndani yake ina barafu, barafu ikiyeyuka udongo unashuka na barabara iliyo juu yake, walikuwa wanajazia kokoto kila mara mpaka Agosti 2021 wakashindwa wakafunga. Tangu hapo mabasi yanaishia East Fork, maili ya 43, kilomita kama 69, wakati daraja linajengwa. Kwa hiyo ukisoma ushauri wa zamani wa "lazima ufike Eielson" au "lala Wonder Lake", sehemu za ndani zaidi ya hapo palipokatika, angalia uliandikwa lini. Na kabla hujalipa chochote soma tangazo la hifadhi la mwaka huohuo unaoenda, maana siku daraja likifunguka ratiba na bei zitapangwa upya.

Unaona maana yake? Kwa sasa basi la bei rahisi na basi la bei kubwa yote yanageuzia sehemu moja. Mlima ule ule, dubu yule yule. Hununui umbali. Swali linabaki, je, utashuka au hutashuka?

Vigezo nilivyotumia

Nimelinganisha kwa mambo haya: hela, muda, uhuru wa kushuka na kupanda, maelezo mnayopewa njiani, wazee na watoto (pamoja na habari ya choo, tusifichane), na nafasi ya kuona wanyama na mlima wenyewe. Uzuri wa siti sijaweka kabisa kwa sababu yote ni mabasi ya muundo wa basi la shule, siti za mgongo mfupi, na yale madirisha ambayo lazima ubane vishikizo viwili kwa wakati mmoja ndipo kioo kishuke, kidole kimoja kikiteleza kinagoma.

Chaguo zenyewe

Chaguo la kwanza ni gari lako, au la kukodi, mpaka Savage River maili 15, mwisho. Kama huna gari kuna basi la bure linalofika hapohapo Savage, nimeliweka kundi moja na gari.

La pili ni transit. Ni basi la kijani linaloenda mpaka East Fork, dereva kazi yake ni kuendesha, unaweza kushuka na kupanda jingine. Kwa Mswahili naweza kusema hili ndilo daladala, ukisema shusha unashushwa.

La tatu ni tour, mabasi yenye rangi ya mchanga, mimi nayaita ya kaki. Yako ya aina mbili, Natural History ambayo ni fupi na inaishia maeneo ya mto Teklanika, maili 30 hivi, na Tundra Wilderness inayofika maili 43. Hapa dereva ndiye mwongozaji, anaongea kwenye maiki safari nzima.

Kuna pia camper bus, ila hilo ni la waliobuki kambi za ndani au wanaoenda kulala porini na kibali, kama huna hema ruka.

Hela

Mtu mzima kuanzia miaka 16 analipa kiingilio dola 15, na hii iko palepale hata uje na gari, hata uje na basi lolote. Watoto wa miaka 15 kushuka chini kiingilio bure.

Gari: unalipa hiyo 15 yako basi, na mafuta.

La kijani: mara ya mwisho nililipa kama dola 33 kwa mtu mzima, watoto wa miaka 15 kushuka chini bure tena. Hapa ndipo familia kubwa inapopona.

La kaki: Tundra Wilderness ilikuwa inacheza kwenye dola 140 na ushee, Natural History ni pungufu ya hapo lakini bado juu ya mia, na watoto wanalipa kama nusu.

Tufanye hesabu ya familia ya Kiswahili ya kawaida, baba, mama, bibi na watoto watatu. Gari ni dola 45. La kijani ni 99 ya nauli kujumlisha 45 za kiingilio, 144. Tundra Wilderness ni 420 za wakubwa na 210 za watoto na 45, jumla 675. Tofauti ya la kijani na la kaki ni dola 531, na hiyo ni hoteli ya usiku mmoja au miwili pale karibu na geti ambako bei za Julai hazina huruma, au ukalale Healy, maili 11 hivi kaskazini, huko kuna unafuu kidogo.

Kitu kidogo kuhusu kadi ya mwaka ya hifadhi za taifa, watu wananiuliza sana. Kwa mkaazi wa Marekani ni dola 80, ila kuanzia 2026 asiye mkaazi anauziwa 250, kwa hiyo kama mzee amekuja kwa viza ya matembezi na mnaenda Denali tu, mlipieni 15 yake ya mlangoni muendelee na maisha.

Muda

Na gari unaenda Savage na kurudi kwa lisaa limoja na nusu hata mawili ukiwa unasimama simama kupiga picha. Ukiongeza kutembea kile kinjia cha kuzunguka mto, maili 2 hivi na tambarare, ni nusu siku.

La kijani kama hujashuka ni kama masaa matano kwenda na kurudi. Ukishuka ni siku nzima, usijidanganye utapanga kitu kingine jioni.

Tundra Wilderness ni masaa matano mpaka matano na nusu, Natural History manne na nusu hivi, na haya yana muda wa kuondoka na wa kurudi unaoeleweka, jambo kubwa kama mna treni ya kuwahi. Maana wengi wanakuja kwa treni, kutoka Anchorage ni masaa saba na nusu hivi, kutoka Fairbanks manne. Kwa gari Anchorage ni maili 237, Fairbanks ni kama 120.

Kushuka na kupanda

Hapa nitakaa kidogo.

Sisi tumekulia kwenye hifadhi ambazo kushuka kwenye gari ni kosa. Mikumi ukifungua mlango tu askari anakuja juu. Denali ni kinyume chake, hifadhi inakuruhusu, tena bila askari wa kukusindikiza, ushuke kwenye basi la kijani katikati ya nyika, uingie kwenye tundra, ambayo ni vichaka vya magotini na majani yanayobonyea kama godoro, na utembee unakotaka. Zaidi ya zile njia za karibu na geti na Savage hakuna njia zilizochongwa, unachagua mkondo wa mto uliokauka na kokoto zake unaufuata, ukichoka unarudi barabarani, unanyoosha mkono, basi la kijani linalofuata linasimama kama lina nafasi.

Kama lina nafasi. Hilo ndilo neno. Safari ya pili tulishuka karibu na Igloo, maili 34 hivi, watu watano, tukatembea kwenye kokoto za mto lisaa limoja na nusu, watoto wanarusha mawe, hakuna sauti ya kitu chochote, hata ndege, sijawahi kusikia ukimya kama ule tangu nimekuja nchi hii. Tukarudi barabarani saa nane mchana. Basi la kwanza limejaa. La pili lina nafasi mbili na sisi watano, dereva akatuuliza kwa upole kama tunagawana, mume wangu akaniangalia nikakataa, kumuacha mtoto nyuma kwenye nchi ya dubu mimi sina moyo huo. Mvua ikaanza. Makoti ya mvua yalikuwa kwenye buti la gari, maili 34 nyuma, kwa sababu asubuhi kulikuwa na jua na mimi ndiye niliyesema "yaacheni yanajaza begi". La tatu likatuchukua wote. Tulisubiri kama dakika hamsini. Mtoto wa mwisho mpaka leo akiona basi la kijani lolote anauliza kama lina nafasi.

Mambo ya kujua ukiamua kushuka: dereva hakushushi karibu na mnyama. Eneo la Sable Pass, kama maili 38 mpaka 42, hairuhusiwi kutembea nje ya barabara kwa sababu ya dubu. Dubu unakaa naye mbali yadi 300, weka kama viwanja vitatu vya mpira, wanyama wengine yadi 25. Nunua ile dawa ya kupuliza ya dubu, ongea kwa sauti mnapotembea (familia yangu hili halikuwa tatizo), na muulize dereva basi la mwisho linapita saa ngapi kabla hujaweka mguu chini. Simu isikudanganye, ukishapita maeneo ya geti network hakuna.

Basi la kaki halina haya. Mnashuka kwenye vituo vya choo na sehemu za kutazama, mnarudi wote, mnahesabiwa. Kuna watu wanaona ni kifungo, kuna watu ndiyo raha yenyewe, hawataki kuwaza basi la kurudi.

Na gari lako unasimama unapotaka mpaka maili 15, na pale Savage unatembea kwa njia zilizochongwa. Uhuru ni mkubwa, eneo dogo. Parking ya Savage mchana wa Julai inajaa, nenda asubuhi sana au jioni, mwezi wa sita na wa saba jioni bado ni mchana.

Maelezo

Kwenye la kaki dereva amefundishwa, anakueleza miamba, mimea, historia ya hifadhi tangu ilipoanzishwa 1917 ikiitwa Mount McKinley, jinsi ilivyopanuliwa na kubadilishwa jina 1980, kwa nini dubu wa huku anaishi kwa matunda pori na mizizi kuliko nyama. Natural History ndiyo imejaa historia zaidi, ya watu na ya walinzi wa zamani waliokuwa wanafanya doria kwa mbwa wa kuvuta sleji.

Kwenye la kijani dereva hajaajiriwa kwa maelezo ila wengi wanaongea, wa kwetu alikuwa na stori mpaka tukacheka, na mnyama akionekana anasimama kwenye basi lolote, kijani au kaki. Utaratibu ni abiria kupiga kelele "stop!", hapo nilijisikia nyumbani kabisa.

Sasa kosa langu. Safari ya kwanza nilimlipia mama Tundra Wilderness nikijua nampa kitu cha hadhi, mama amesafiri masaa mengi kutoka Morogoro, apate mwongozaji. Sikuwaza kwamba mwongozaji anaongea Kiingereza, na mama Kiingereza chake ni cha salamu. Nikaanza kutafsiri. Maili 10 za kwanza nilikuwa natafsiri vizuri, kufika maili 20 nimeshaanza kufupisha, dereva anaongea dakika tatu mimi namwambia "anasema kuna maua". Mama akanigeukia: "Mwanangu, mwache mwenzio aongee, sisi tutazame." Akajifunika shuka lake la kimasai akakaa anatazama dirishani. Baadaye kidogo akanigusa, "Ile nini kule juu, mbona kama nguruwe mkubwa?" Dubu, rangi ya majani makavu, peke yake kwenye mteremko, na kwenye basi zima hakuna aliyekuwa amemuona, wote wanamsikiliza dereva. Ikabidi nipige kelele mimi.

Kwa hiyo uzito wa kigezo hiki unategemea masikio ya unayesafiri naye. Kama mnasikia Kiingereza vizuri na mnapenda kujua, maelezo ya la kaki yana thamani kweli, mimi mwenyewe nilijifunza mengi kwenye zile maili 10. Kama mzee hasikii, unalipia redio.

Wazee, watoto na choo

Mabasi yote hayana choo ndani. Yote yanasimama njiani kila baada ya lisaa limoja na nusu hivi, kituo kikubwa ni Teklanika maili 30. Kwa hili hakuna mshindi. Barabara ya kokoto inatikisa, mwenye mgongo au goti bovu akae siti za mbele.

Chakula: ndani ya hifadhi mkishaondoka hakuna duka wala mama ntilie. La kaki mnapewa vitafunio vidogo, havimshibishi mtu aliyezoea ugali. La kijani hupewi kitu. Beba chapati, mayai ya kuchemsha, maji mengi, na ukishuka kwenda kutembea kila ganda na kila kikaratasi kinarudi begini, harufu ya chakula kwa dubu ni mwaliko.

Watoto wadogo wanatakiwa kuwa na kiti chao cha gari kwenye basi, sheria ya Alaska, na ni jukumu la mzazi kuja nacho. Hii inaumiza kwenye la kijani hasa, kwa sababu ukishuka kutembea kiti unashuka nacho. Mwenye mtoto wa miaka mitatu asahau mpango wa kushuka kiholela, kwake la kijani linakuwa kama la kaki bila maelezo, kwa bei nafuu. Na masaa matano kwenye basi kwa mtoto wa miaka mitatu, wewe mwenyewe unajua mtoto wako.

Kwa gari, mtoto akilia unageuza. Mzee akichoka unageuza.

Wanyama na mlima

Hii nitaenda haraka. Wanaotafutwa ni watano: dubu, moose (mkubwa kama pofu, pembe kama makoleo mawili), caribou (jamii ya kulungu wa nchi za baridi), kondoo weupe wa milimani, na mbwa mwitu, ambaye siyo yule wa madoadoa wa Selous, huyu ni wa kijivu na ni wa bahati. Ukiwa na gari mpaka maili 15 moose unaweza kumpata vizuri tu maana wanapenda ile misitu ya karibu na geti. Dubu na caribou nafasi inaongezeka sana baada ya miti kuisha, kwa hiyo mabasi yanayofika maili 43 yana faida, yote mawili kwa usawa. Natural History inayoishia maili 30 inapoteza kidogo hapo.

Mlima wenyewe ni mita 6,190, Kilimanjaro ni 5,895, lakini hakuna tiketi yoyote inayokuhakikishia kuuona, mawingu ndiyo yanaamua. Wanasema karibu mtu mmoja kati ya watatu ndiye anauona. Siku ikiwa safi unaanza kuuona mapema tu, kama maili 9 au 10, yaani hata mwenye gari anaupata. Kwenye basi kaa upande wa dereva wakati wa kwenda. Mama hakuuona, aliona sketi yake tu, mawingu yakafunika. (Usichanganyikiwe na majina, 2025 serikali ya Marekani iliurudishia mlima jina la McKinley, hifadhi bado inaitwa Denali.)

Kubuki

Msimu wa mabasi ni kama Mei 20 mpaka katikati ya Septemba. Kubuki kunafunguliwa Desemba 1 kwa kiangazi kinachofuata. La kaki za asubuhi Julai ndizo zinakwisha mapema, la kijani unaweza kubahatisha ukiwa na siku mbili tatu za kusubiri. Ukienda Savage na gari hakuna kubuki. Kama unaweza kuchagua mwezi, Juni na Julai kuna mwanga usiku kucha na mbu wa kutosha kukukumbusha Kilombero, mwisho wa Agosti mpaka mwanzo wa Septemba mbu wamepungua na tundra yote imekuwa nyekundu na dhahabu, baridi ipo.

Nani achukue lipi

Uko na mzee asiyesikia Kiingereza na magoti hayako vizuri: la kijani bila kushuka, siti ya mbele kushoto, na wewe ndiye mwongozaji wake. Kama anasikia na anapenda historia, la kaki, na usimpe ile ndefu kama hawezi kukaa, Natural History inamtosha.

Uko na watoto wa shule wenye miguu, na mnaweza kuvumilia kusubiri: la kijani, mshuke, na muwe wachache kundini au mkubali kugawana.

Watoto wa kubebwa: gari mpaka Savage asubuhi, halafu mchana mwende kwenye mabanda ya mbwa wa sleji pale karibu na geti, ni bure kuwaona na kuna basi la bure la kuwapeleka. Kama mna mtu mmoja mzima anayetamani maili 43, aende peke yake na la kijani, dola 33, mwingine abaki na watoto, kesho yake mbadilishane.

Mna siku moja tu na treni ya kuwahi: la kaki, kwa sababu ya muda unaoeleweka. Hapa dola za ziada zina kazi.

Mna siku moja, mna gari, hela imekata: Savage. Usione haya, jirani yangu mmoja alienda hivyo akarudi na picha za moose na mlima wote mzima, sisi wa maili 43 tukanyamaza.

Unachukia mabasi ya aina yoyote: jaribu bahati nasibu ya Septemba, washindi wanaruhusiwa kuendesha gari lao kwa siku moja ndani kule baada ya mabasi kumaliza msimu, maombi ni Mei. Au njoo kabla mabasi hayajaanza, Aprili mwishoni mpaka katikati ya Mei, theluji ikiruhusu magari binafsi yanafika mpaka Teklanika maili 30, ila vaa.

Na kama mna siku mbili kamili, siku ya kwanza gari na Savage mjue hali ya hewa inavyocheza, ya pili la kijani. Makoti ya mvua yaingie kwenye begi siku zote mbili.